Sauti ya Tisini na Mbili

Majina tuliyoyaita yalikuwa tisini na moja. Walioitika walikuwa tisini na wawili.

Mhandisi Bahiya aliniletea habari hiyo akiwa amesimama mlangoni pa banda langu, viatu mkononi, miguu imejaa mchanga. Hakuingia. Mimi nilikuwa nachambua usipa, dagaa wa kwetu, kwenye ungo, jua la saa nne limeshapanda, na kwenye kioo cha picha ukutani mbasa wangu sita wa chuma, mashine zenye umbo la samaki, walikuwa wakiizunguka polepole meli iliyozama kama kawaida yao.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai?"

"Bibi, juzi mlipokwenda kuwaita marehemu, kulikuwa na mtu kwenye boti anayeitikia kwa mzaha?"

"Watani wapo kila mwaka," nikamwambia. "Kasto Ndomba peke yake anatosha kuharibu msiba wa kijiji kizima. Kwani vipi?"

"Na mimi nilidhani ni watani. Nimepima mara nne. Sauti zenu zinatoka juu, kwenye maji. Hizi nyingine zinatoka upande wa pili wa chuma."

"Upande wa pili ni wapi?"

"Ndani ya meli, Bibi."

Nikaweka ungo chini.

Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa nikaelewa. Meli Lukuli imelala mita mia tatu chini, mbele ya kijiji chetu cha Chinula. Kule chini maji ya Ziwa Nyasa hayana hewa. Samaki hashuki, kitu hakiozi. Nguo iliyoanikwa siku meli ilipozama mpaka leo imeanikwa. Chuma chenyewe hakishiki kutu nyekundu kama bati la nyumba. Kinaota utando mweusi, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, mmoja kila mwaka, juu ya ule wa mwaka uliopita. Wenzake Bahiya ndio waliogundua kwamba utando ukiwa mbichi unashika sauti, kama udongo wa mfinyanzi unavyoshika alama ya kidole. Siku tatu unakuwa laini, na mashine yao wanayoiita sikio inaweza kuusoma bila kuugusa. Baada ya hapo unakaza. Ukikaza, huwezi kuusikia tena mpaka uumenye, na ukiumenya umekwisha.

Kazi yangu ilikuwa ulinzi. Miaka thelathini na moja niliwatuma wale mbasa wawafukuze wakata vyuma na wang'oa shaba, na sheria ilisema mtu yeyote asiiguse Lukuli bila dole gumba la mlinzi. Dole hilo ni langu. Ndiyo maana Bahiya alikuwa mlangoni kwangu wala si kwa mwenyekiti.

Akanivisha hedifoni.

Kwanza nilimsikia Kasto, maana yeye ndiye msomaji wa kitabu cha majina. Sauti yake ilikuwa imefifia, kama ya mtu anayesema nyuma ya blanketi. Kwetu, likishaitwa jina, tunaacha pumzi moja. Mtu hasemi, mtoto hukatazwa kulia. Pumzi ikipita, hapo ndipo watani wanaruhusiwa kumwiga marehemu na kumsema, watu wacheke kidogo, liitwe jina jingine. Basi Kasto akaita, "Severini Ndomba!" Baba yake mwenyewe. Kukawa kimya. Na ndani ya ile pumzi mtu akasema:

"Naam."

Hakupiga kelele, wala hakulia. Aliitika kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, mikono yake ina kazi.

Wakaitwa wengine. Naam. Abee. Naam. Nilisikiliza majina yote tisini na moja, na lile la mwisho lilipoitikiwa nikasikia injini ya boti yetu ikiwaka, watu wakianza wimbo wa kurudi. Wimbo ukaanza kwenda mbali. Ndipo mwanamke mmoja, bila kuitwa na mtu, akasema:

"Abee."

Halafu, baada ya muda, tena, kama anayedhani hakusikika. "Abee."

"Huyo ndiye wa tisini na mbili," Bahiya akasema.

"Yuko upande gani wa meli?"

Akatazama karatasi yake. "Ukuta wa jikoni."

Nikavua hedifoni, nikazishika mapajani.

*

Nilikuwa na miaka saba. Asubuhi ile Mama alijifunga khanga mbili, akachukua kisu chake cha kumenyea muhogo, akaniambia, "Naenda kumchokoza mtani wangu. Usimwambie baba yako mpaka ashibe." Alikuwa amegombana na Baba, anataka kwenda kwao Kyela akapoe. Mtani wake alikuwa huyo Severini Ndomba, mpishi wa Lukuli. Ukoo wa Ndomba na ukoo wa Mama, wa Chiwaka, ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaingia bandani mwako, anaondoka na jogoo, na wewe unabaki unacheka kwa uchungu. Mama akapanda ngazi ya jikoni bila tiketi, akiwa na kisu chake, akisema atalipa nauli kwa kumenya. Nilimwona kwa macho yangu.

Meli haikufika.

Orodha ilikuwa na wenye tiketi na wafanyakazi. Teofila Chiwaka hakuwamo. Nikasema niliyoyaona, wakubwa wakaniambia mtoto hasemi uongo mbele ya msiba. Mwezi haukuisha, kijiji kikawa na habari yake: Teofila amevuka kwenda Malawi na mwanamume. Baba akaoa. Mimi nikaitwa mtoto wa aliyevuka, nikaolewa nikiwa mtoto wa aliyevuka, nikazika mume wangu, na bado wapo wanawake kisimani wanaoniita hivyo nikiwapa mgongo. Jiwe la kumbukumbu lina majina tisini na moja. Bodi ya Urithi iliniandikia mara tatu kwamba jina haliongezwi jiweni, wala halisomwi kwenye boti, bila ushahidi kutoka ndani ya meli.

"Sasa si huo hapo ushahidi," nikamwambia Bahiya. "Nakili, uwapelekee."

Akatikisa kichwa. "Nimejaribu tangu jana. Nikinakili, sauti zenu za juu zinabaki zote, hata kikohozi. Zao hazibaki. Mahali pao panakuwa kimya tu. Wanasikika hapa, kwa sikio hili, mpaka utando ukaze. Basi."

"Lini utakaza?"

"Leo, saa kumi hivi."

Akakaa chini sasa, mkekani, akavuta pumzi kama anayejitayarisha kumwambia mtu habari ya hospitali.

"Kuna njia moja, Bibi. Ukuta wa jikoni una tando sitini na tano. Wa chini kabisa ni wa mwaka ule, na umeshika siku ile yenyewe. Wale walikuwa hai, sauti zao zinanakilika, tumeshahakikisha kwa kipande kidogo cha nanga. Nikiufikia, mama yako atasikika akiongea. Huyo mpishi atamwita jina. Bodi haitakuwa na la kusema."

"Na tando za juu yake?"

"Zitatoka pamoja, zimesagika. Hazisomeki. Zikifika kwenye mwanga zinakuwa masizi."

"Miaka sitini na minne ya watu kuitwa na kuitika."

"Ndiyo."

"Na mwaka ujao wakiitwa, wataitika ukutani hapo?"

Bahiya aliangalia vidole vyake vya miguu. "Sijui. Hata sasa sijui wanaitikaje. Ila sitakuficha, Bibi, na mimi nautaka ukuta huo. Hii ndiyo kazi yangu."

Nilimpenda kwa kusema hivyo.

*

Waliokuwa wakiitika kutoka ukuta wa jikoni ni watatu, mbali na Mama: Severini na vijana wake wawili wa masufuria, ambao hawakuacha jamaa. Kwa hiyo wa kuombwa ruhusa alikuwa Kasto tu. Sikumfuata. Alikuja mwenyewe saa nane, amesikia njiani, ana fimbo mkononi na kofia ya kanisani kichwani ingawa ilikuwa Jumanne.

"Mtani," akasema akiketi bila kukaribishwa, "nasikia unataka kumchuna baba yangu kama mbuzi."

"Baba yako amekaa na mama yangu jikoni miaka sitini na minne bila mahari. Nani anamdai mwenzake?"

"Ehe! Yule aliyepanda bila nauli ndiye adaiye?" Akachota usipa kwenye ungo wangu, mbichi vile vile, akatia mdomoni. "Wabaya hawa. Umewapa chumvi ya machozi?"

Ndivyo tunavyoongea mimi na Kasto. Tumezeeka hivyo. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Alipoelewa aliacha kutafuna.

"Menya," akasema. "Baba alimbeba mama yako bure, na mimi nakupa bure. Umetukanwa vya kutosha katika kijiji hiki, na matusi mengine nilitia mimi." Kisha akamgeukia Bahiya. "Lakini kabla hujamchuna, mwanangu, niache nimsikilize huyo mzee. Mara moja."

Bahiya akamvisha hedifoni. Nikamwona Kasto akingoja, mdomo umeinuka upande mmoja, tayari kwa mzaha. Halafu mdomo ukashuka.

"Rudisha," akasema.

Bahiya akarudisha.

"Rudisha."

Hakulia. Aliinamisha kichwa kama watoto wanavyofanya wakisemeshwa na mkubwa. Kila baada ya muda alisema neno lile moja, rudisha, na Bahiya akarudisha, na mimi nikaendelea na usipa wangu kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Ilipofika saa kumi kasoro Kasto akainua uso.

"Imeharibika?"

"Utando umekaza, Mzee," Bahiya akamwambia. "Hadi mwakani."

Akavua hedifoni, akazifuta kwa kofia yake, akazirudisha kwa mikono miwili. Mlangoni akasimama. "Nilikuwa na miaka kumi na moja," akasema. "Tumemwita mara sitini na nne, tukidhani tunaita maji." Akaenda zake. Alisahau kunitukana.

*

Siku ya kumenya ilikuwa Ijumaa. Mashine ya Bahiya ilishuka asubuhi, ikajibandika ukutani mwa jiko kama konokono. Nilimpeleka mbasa mmoja dirishani ili nione.

Mara nyingi nilikuwa nimeepuka dirisha lile. Taa ya mbasa ilipoingia niliona jiko la chuma, sufuria imekaa juu yake imefunikwa. Aproni imening'inia kwenye msumari. Kwenye meza kulikuwa na mihogo. Mingine ilikuwa na maganda yake, mingine imemenywa, mieupe, mieupe kama ya leo asubuhi, imepangwa safu moja kwa namna ambayo nilikuwa nimeiona nyumbani kwetu kila siku nikiwa mtoto. Safu ilikuwa imeishia katikati. Kisu hakikuwepo. Taa ikasogea kwenye kona ya nyuma, penye giza, na hapo nikamwambia mbasa ageuke. Nilikuwa mlinzi wa kaburi. Kuchungulia si ulinzi.

Bahiya akaniletea kibao cha kioo. "Dole, Bibi."

Nikaliweka dole gumba juu ya kioo, bila kukigusa, nafasi ya unywele mmoja tu kati yao. Ningebonyeza, wiki ile ile wangelichonga jina lake. Ningepita kisimani, na wale wanawake wangelazimika kuhamisha ndoo zao. Usidhani mambo hayo hayakunigusa. Nilikuwa nimeyataka tangu sijaota meno ya ukubwa.

Lakini nilimkumbuka Kasto na lile neno lake, rudisha. Nikafikiri: huyu amempata baba yake kwa mchana mmoja, na ametoa ruhusa nimnyang'anye. Halafu nikafikiri jambo la pili, na hili ndilo lililonishika mkono. Mama hakuwa akiomba ushahidi. Mtu anayesema abee anaomba kitu kimoja tu, aitwe. Nikiukwangua ule ukuta ili nipate jina lake, na ukuta ukanyamaza, nitakuwa nimelipata jina na kumziba mdomo mwenye jina.

Nikalikunja dole ndani ya ngumi.

"Bibi?"

"Ipandishe mashine yako, mwanangu."

Bahiya alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema amengoja miaka sita. Alisema mimi nitakufa, Bodi itamleta mlinzi mwingine mwenye dole jepesi, na ukuta utamenywa hata hivyo. "Na wataendelea kukuita mtoto wa aliyevuka mpaka siku ya kukuzika!"

"Waniite," nikasema. "Mimi naitwa, angalau."

Akafunga masanduku yake bila kuaga. Nilimpa usipa wa kukaanga wa njiani, hakuwachukua.

*

Nikangoja mwaka. Kungoja nakuweza.

Siku ya kuita ilipofika tulikuwa watu sitini kwenye boti, ziwa limetulia, asubuhi nyeupe isiyo na upepo. Bahiya alikuwa amerudi siku moja kabla, akaniamkia kama kawaida, hakutaja mwaka jana. Kasto akasimama na kitabu. Alisoma vizuri kuliko miaka yote, na kwa kila jina ile pumzi ilikuwa ndefu zaidi, maana habari ilikuwa imeenea na kila mtu aliinama ukingoni, sikio likielekea maji. Masikio yetu hayakupata kitu. Maji ya juu hayasemi.

Jina la tisini na moja likapita. Kasto akataka kufunga kitabu. Nikamvuta koti.

"Bado mmoja."

Akanitazama. "Hayumo."

"Najua hayumo."

"Mwite wewe basi."

"Mimi ni mtoto wake. Wewe baba yako unamsoma kitabuni; nje ya kitabu, lini ulisikia mtoto anamtaja mzazi wake jina mbele ya watu?"

"Bodi wataninyang'anya kitabu, mtani."

"Wewe ni mtani au karani?"

Watu wa karibu wakacheka. Kasto akakifunga kitabu, akakiweka juu ya benchi, akavua kofia. Akajaza kifua.

"Teofila Chiwaka!" akaita, na sauti yake ikaenda mbali juu ya ziwa. "Wewe uliyepanda meli ya baba yangu bila nauli! Mihogo bado haijaiva huko? Toka jikoni, watu wana njaa!"

Boti nzima ikapasuka kwa kicheko, hata wale walionuna. Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana kila mtu alikumbuka kuwa pumzi ilikuwa haijaachwa. Tukaiacha.

Tulirudi bandani kabla ya saa sita. Sikio lilikuwa tayari limeshuka ukutani. Bahiya alivaa hedifoni moja, mimi nyingine, tukakaa mkekani mabega yakigusana. Nikamsikia Kasto nyuma ya lile blanketi. Nikasikia kicheko chetu, kizito, kama mawe yanayoviringishwa. Kikanyamaza.

"Abee," akasema Mama, na ndani ya neno lile alikuwa anacheka. "Abee, mtani."

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na sita. Mimi nina sabini na mbili. Ningeweza kumbeba mgongoni kama mjukuu wangu.

Nilidhani yamekwisha. Nikainua mkono kuvua hedifoni, Bahiya akaushika.

"Naam," alisema mwanamume.

Sikumjua. Hakuna aliyemwita. Baada yake, pumzi moja. Halafu, "Abee," mwanamke mzee, ana kifua. Pumzi. "Naam." Pumzi. "Naam." Kisha kijitoto, kinachosema abee kwa haraka kama kinachoogopa kukosa nafasi. Walikuwa wanaitika mmoja mmoja, kwa utaratibu, kila mmoja akimwachia mwenzake pumzi yake, kama watu waliokuwa wamejipanga mlangoni miaka yote wakingoja waone kama asiyeandikwa naye huitwa. Bahiya alikuwa akihesabu kwa vidole. Vya mikono vikaisha, akaanza upya. Vikaisha tena.

"Bibi," akanong'ona, "meli hii ilipakia watu wangapi?"

Nilimfikiria kila mwanamke katika mwambao huu wa ziwa aliyeambiwa mumewe ametorokea migodini, kila mtoto aliyeambiwa mama amevuka. Naam, akasema mwingine masikioni mwangu. Wa sitini? Wa sabini?

Nikamwambia arudi kwa yule wa kwanza, aliyefuata baada ya Mama. Akarudi. Nikafumba macho.

"Mtu mzima," nikasema. "Anaitika kwa kuvuta mwisho, kama watu wa Kyela. Ana pengo la jino. Chukua kalamu, mwanangu, andika, mwenye jamaa aje amsikie. Tuna siku tatu."